Kesi Inayofika Ofisini Ikiwa Imeshaamuliwa

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali namba 294, zinaitaka shule ya Tanzania inayotoa adhabu hiyo iwe na kitabu chake. Kila mwanafunzi anapochapwa, humo huandikwa jina lake, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyemchapa, kisha mkuu wa shule hutia sahihi. Kanuni hizohizo zinasema viboko visizidi vinne, vipigwe mkononi au makalioni juu ya nguo, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina, na mchapaji awe mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo kwa maandishi. Mjadala wetu wa nidhamu karibu wote huishia kwenye fimbo: iwepo au iondoke, vinne ni vingi au vichache. Kwangu mimi, kitabu kinaeleza mengi kuliko fimbo. Kina mahali pa kosa na mahali pa adhabu, na katikati ni patupu. Hakidai kujua nani alimleta mtoto ofisini, ilikuwa kipindi gani, wala mtoto alipoulizwa alijibu nini. Kosa huingia humo kama lilivyotamkwa mlangoni, na mara nyingi hutamkwa kwa neno moja tu: kelele, utoro, jeuri, dharau, kiburi.

Neno hilo moja ndilo ninalotaka tulichunguze. Mwalimu aliyezidiwa na mwanafunzi darasani humtoa na kumpeleka mbele: kwa mwalimu wa darasa, kwa mwalimu wa nidhamu, au moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Kenya, safari hiyo kwa kawaida huishia kwa naibu mwalimu mkuu. Ni jambo la kila siku, tena la lazima, kwa sababu mwalimu hawezi kusimamisha somo la watoto 70 ili ashughulike na mmoja. Lakini anachokipeleka ofisini ni taarifa, na taarifa inaweza kuwa kamili au pungufu, ya kweli au ya hasira. Ofisi zetu huipokea kama hukumu iliyokwisha kutolewa, zikabaki na kazi ya kupima adhabu. Kwa mtindo huo mtoto hunyimwa nafasi ya kusikilizwa, na hilo angalau watetezi wa watoto hulisema. Hasara ya pili haisemwi: shule yenyewe hupoteza habari bora kuliko zote inazoweza kuzipata kuhusu madarasa yake. Kila mtoto anayetolewa darasani amebeba habari, yake mwenyewe, au ya somo, au ya mwalimu, au ya namna siku ilivyokwenda, na sisi tunaizima kabla hatujaisikia.

Tazama mnyororo wenyewe. Unaanzia chini kabisa, kwa monita. Mwalimu akitoka, monita huchana karatasi katikati ya daftari, akaandika juu WAPIGA KELELE, na chini yake majina. Anayerudia huwekewa alama ya kujumlisha mbele ya jina, na wapo wanaofikisha tatu au nne. Karatasi haisemi zilikuwa kelele gani. Aliyekuwa akiazima rula na aliyekuwa akirusha vipande vya chaki wamepangwa mstari mmoja, na rafiki wa monita hayumo. Mwalimu wa zamu anapoipokea hana namna ya kujua lolote kati ya hayo, na mara nyingi hana hata muda wa kuuliza. Waliomo huitwa mbele, basi. Mtoto wa miaka 12 amekuwa polisi, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa dakika 40, na watu wazima wameikamilisha kazi yake bila swali. Ngazi za juu hufuata desturi hiyohiyo kwa lugha ya kiofisi zaidi. Mwalimu wa nidhamu humwamini mwalimu wa somo, mkuu wa shule humwamini mwalimu wa nidhamu, na jambo likiwa zito kiasi cha kufika kwenye bodi ya shule, wajumbe husoma barua iliyoandikwa na watu ambao nao walisimuliwa. Kila ngazi huliongezea neno lilelile uzito bila kuliongezea ushahidi. Jeuri ya Jumanne asubuhi, ikifika kwenye barua, imekuwa utovu wa nidhamu uliokithiri.

Kwa kuwa sisi hatuandiki zaidi ya neno hilo, ushahidi wa kinachojificha ndani ya taarifa hizi inabidi tuutafute kwa wanaoandika. Katika shule nyingi za Marekani mwalimu anayemtoa mwanafunzi darasani hujaza fomu, fomu huingizwa kwenye kompyuta, na watafiti wanaweza kuzisoma maelfu kwa maelfu. Mwaka 2002 Russell Skiba na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za shule za mji mmoja mkubwa. Wanafunzi weupe walipelekwa ofisini zaidi kwa makosa yanayoonekana kwa macho, kama kuvuta sigara, kutoka bila ruhusa na kuharibu mali. Weusi walipelekwa zaidi kwa makosa yanayotegemea hisia za anayetazama: kukosa heshima, kelele kupita kiasi, kuzurura. Kisha mwaka 2023 Jing Liu, Emily Penner na Wenjing Gao walitoa matokeo ya wilaya moja ya shule za mjini huko California, wakauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa vizuri: hizi fomu zinatoka kwa nani? Wakakuta kwamba asilimia 5 ya walimu ndio waliotoa kiasi cha asilimia 35 ya taarifa zote, na kwamba kundi hilo dogo peke yake lilikaribia kulifanya maradufu pengo kati ya wanafunzi weusi na weupe. Walimu wa kundi hilo walielekea kuwa wageni katika kazi na kufundisha wanafunzi wa umri wa kubalehe. Ukiambiwa hivyo, picha ya tatizo inabadilika. Ulidhani unatazama watoto wakorofi, kumbe sehemu kubwa ya unachokitazama ni walimu wachache wanaozama bila mtu wa kuwapa mkono.

Ubaguzi wa rangi wa Marekani una historia yake na hauwezi kuhamishiwa kwetu kama ulivyo. Kinachohamishika ni ile tofauti kati ya kosa linaloonekana na kosa linalohisiwa. Utoro una rejista ya kuuthibitisha. Dirisha lililovunjika lipo pale, mtu akalitazame. Jeuri iko wapi? Iko katika sauti, katika macho, katika kuchelewa kusimama, yaani iko kwa anayeitafsiri. Na sisi tuna sababu zetu nyingi za kuitafsiri vibaya. Iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya lugha. Mtoto wa Tanzania aliyesoma miaka yote ya shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo isipokuwa Kiswahili linafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anamuuliza swali la baiolojia. Mtoto anasimama, anatazama sakafu, hajibu. Anaulizwa tena kwa ukali, bado hajibu. Mwalimu aliyechoka huona dharau, wakati aliyesimama mbele yake hana tu maneno ya kujibia. Akijiokoa kwa Kiswahili, katika shule nyingi hilo nalo ni kosa, lenye orodha yake na adhabu yake. Ofisi inayopokea neno "dharau" na kutoa fimbo imeiadhibu sera ya lugha kwenye mgongo wa mtoto wa miaka 14, na kesho yake atasimama tena kimya katika kipindi kilekile. Ofisi ambayo ingeuliza ilikuwa somo gani na aliulizwa nini ingeligundua hilo kabla ya muhula kwisha.

Sheria, kwa upande wake, iko mbele ya desturi. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inampa mtu yeyote haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaruhusu kufukuzwa kwa mwanafunzi baada tu ya njia nyingine za kumrekebisha kumalizika, na baada ya mtoto na mzazi wake kupewa nafasi ya kusema. Wapo wanaosikia "haki ya kusikilizwa" wakaona mawakili, majoho na vikao vya wiki tatu. Mahakama ya Juu ya Marekani ililijibu hilo Januari 1975 katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, iliyotokana na wanafunzi wa Columbus, Ohio, waliosimamishwa masomo bila kuulizwa lolote. Ilisema kwamba kwa adhabu ya kusimamishwa siku zisizozidi 10, inatosha mwanafunzi aambiwe anatuhumiwa nini, na akikana, aelezwe ushahidi uliopo kisha naye aseme lake. Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika dakika chache tu baada ya tukio. Ni jambo la kukaa kwenye kiti na kuuliza, "Wewe unasemaje?" Ndivyo wazee wa baraza lolote la mtaani wanavyofanya wakiamua ugomvi wa mipaka ya shamba. Tunampa jirani mgomvi kile tunachomnyima mwanetu.

Kukosekana kwa swali hilo hakuishii kwenye uonevu mdogomdogo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa na mwalimu kabla ya kufika miaka 18, kwa namna zilizohusisha ngumi, mateke au kuchapwa. Kanuni ya viboko vinne ilikuwapo tayari wakati huo. Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za kuiba mkoba wa mwalimu mwingine, na mwaka uliofuata mahakama ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Mjadala uliofuata ulihusu ukali wa kipigo, na ulistahili. Lakini tuhuma ya wizi ni jambo la kuchunguzwa, tena na mtu asiye na upande. Pale tuhuma na adhabu vinapopakana, bila chumba cha katikati, hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusema subiri kwanza.

Kenya imepiga marufuku fimbo tangu mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2013 ikairudia marufuku hiyo, ikiongeza na mateso ya kiakili. Hata hivyo ofisi nyingi zimebadilisha chombo bila kubadilisha utaratibu. Mahali pa fimbo pamechukuliwa na kutumwa nyumbani: nenda, urudi na mzazi. Mwanafunzi wa bweni anayetoka kaunti nyingine hupoteza siku tatu au nne kwa swali ambalo halijaulizwa, mama huacha kibanda chake sokoni na kukopa nauli, na wakifika ofisini wote wawili huambiwa lilelile lililotamkwa mlangoni, mara hii mtoto akitakiwa kuomba msamaha mbele ya mzazi. Ndiyo maana sioni kwamba kuiondoa fimbo peke yake, jambo ninaloliunga mkono, kunamaliza kazi.

Wapinzani wa hoja hii wana mambo matatu ya kusema, na hayana uzito sawa. La kwanza ni kwamba huruma imeharibu watoto, na ushahidi unaotajwa ni mabweni ya Kenya yanayochomwa moto tangu viboko vikatazwe. Mpangilio wa miaka haukubali. Wasichana 19 walikufa katika shule ya St. Kizito, Meru, Julai 1991, wenzao wa kiume walipowavamia bwenini. Mwaka 1999 wanafunzi wa Nyeri High School waliwafungia viranja wanne chumbani na kuwachoma moto. Fimbo wakati huo ilikuwa halali na ikitumika. Tukio la Nyeri ndilo linalonitisha zaidi kwa mada hii, kwa kuwa waliouawa walikuwa viranja, watoto tuliowakabidhi kazi ya kuwashtaki wenzao.

La pili ni zito, na watetezi wa haki za watoto hulipita haraka mno. Mwalimu anasema: nikimpeleka mwanafunzi ofisini na ofisi ikaanza kunihoji mimi, darasa zima litajua kwamba neno langu halina nguvu, atarudi akitabasamu, na kesho watakuwa watano. Hofu hii si ya kubuni. Taasisi ya utafiti ya RAND ilifuatilia shule 44 za Pittsburgh, Marekani, kwa miaka miwili ya masomo kuanzia 2015, nusu yake zikitumia mbinu za upatanisho badala ya kukimbilia kuwasimamisha wanafunzi. Siku za kusimamishwa zilipungua, na walimu walisema hali ya shule zao imekuwa bora. Lakini katika madarasa ya kati, kuanzia la sita hadi la nane, matokeo ya masomo yalishuka. Anayetaka mabadiliko lazima aishi na matokeo hayo yote, asichague yanayompendeza. Ninavyoyasoma mimi, yanaonyesha kwamba kupunguza adhabu na kumsaidia mwalimu ni kazi mbili tofauti, na shule inayofanya ya kwanza ikaiacha ya pili inamtelekeza mtu anayebaki darasani na wanafunzi wengine wote.

Kwa hiyo swali la ofisi lazima liende pande mbili, na lazima lirudishe jibu. Jambo linalomvunja moyo mwalimu ni kimya: amempeleka mwanafunzi saa nne, saa tano yuko kwenye dawati lake, na hakuna aliyemwambia kilichosemwa wala kilichoamuliwa. Sentensi mbili kabla ya kengele ya kutoka zingetosha: amekiri hili, amekana lile, tumekubaliana akuombe radhi na akae mbele kwa wiki mbili, naomba uniambie Ijumaa anaendeleaje. Mwalimu anayepata jibu kama hilo heshima yake inakua, maana ofisi imelichukulia neno lake kwa uzito kiasi cha kulifanyia kazi. Heshima inayolindwa kwa kutomuuliza chochote ni dhaifu zaidi. Wanafunzi wanajua vizuri sana ni mwalimu yupi huwapeleka watu ofisini kwa haki na yupi hupeleka kwa hasira, na mtu mzima anayejifanya hajui hilo hupoteza heshima kwa niaba ya wote wawili. Kwa makosa mazito, kama kisu, dawa za kulevya, kumshika mwenzake kwa nguvu, mwanafunzi atolewe papo hapo na asirudi mpaka jambo limeeleweka. Kumsikiliza hakuzuii hilo hata kidogo.

La tatu ni idadi. Kiwango rasmi cha shule ya msingi Tanzania ni watoto 45 kwa mwalimu, na kila mtu anajua madarasa yanayofikisha mara mbili yake. Nani ana muda wa fomu? Nakiri kwamba mfumo wa Marekani, na fomu zake za kurasa mbili, hautufai. Lakini wilayani Luwero, Uganda, kwenye madarasa yanayofanana na yetu, shirika la Raising Voices liliingiza mpango wake wa shule bora, unaowahusisha walimu, uongozi na wanafunzi wenyewe katika kuweka taratibu za nidhamu, na watafiti wakaupima katika shule za msingi 42. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na asilimia 49 katika zile ambazo hazikuwa nao. Alama za masomo hazikupanda, wala hazikushuka. Asilimia 31 bado ni watoto wengi wanaoumia, na sitaipamba. Inatosha kuonyesha kwamba shule yenye msongamano na mishahara midogo inaweza kubadilisha inavyoshughulika na makosa, na masomo yasianguke.

Tena kitabu kipo tayari. Kuongeza safu tatu, ya aliyemleta, ya somo na saa, na ya maneno ya mwanafunzi kwa mstari mmoja, kunahitaji rula na kalamu. Shule isiyochapa kabisa inaweza kuanza kitabu hichohicho bila safu ya viboko. Wathibiti ubora wa shule, wanapokagua kumbukumbu za adhabu, wanaweza kuanza kuisoma safu ya maneno ya mwanafunzi na kuuliza kwa nini iko tupu. Na mkuu wa shule akikaa nacho mwisho wa mwezi, hata kwa nusu saa, ataona mambo ambayo hakuna baraza la walimu limewahi kumwambia: kwamba kidato cha kwanza B huletwa karibu kila Jumatatu baada ya saa sita, siku ambayo uji wa saa nne haupikwi, kwamba majina 11 kati ya 20 yameletwa na mwalimu mmoja aliyeanza kazi Januari na kupewa mikondo mitatu peke yake, kwamba binti mmoja aliyeandikwa "kiburi" mara nne alijibu mara zote nne kwa maneno yaleyale, haoni ubaoni.